Kiingereza Changu cha Hotelini

Kadzo mwanangu,

Barua nilizofundishwa kuandika mimi zote zilianza na "mimi mzima, hofu ni kwako wewe uliye mbali." Hii siianzi hivyo. Kwanza hujawa mbali. Uko Junda kwa shangazi yako unaaga, na nikitoka nje nikaita kwa nguvu nadhani utaniitikia abee, kwa jinsi sauti yangu inavyojulikana. Pili, mimi si mzima sana. Tangu asubuhi nafagia ua usio na taka. Nimemfokea kuku wa jirani yetu Bi Mwanaisha aliyekuwa akipita tu njia yake. Kesho jioni nitakuwa nimekuacha Taita kwenye hiyo shule ya bweni, nirudi peke yangu, na nyumba hii ya Mtopanga itakuwa na sahani moja ya kuoshwa, labda mbili kama baba yako hajaondoka na lori lake. Ndivyo nilivyo. Nakwambia mapema usije ukanishangaa.

Mambo ya ndoo, kufuli, soksi na mafuta ya kujipaka tumeyamaliza, tena umeyasikia mpaka ukaniambia, "Mama, hata bibi harusi haagwi hivi." Siyarudii. Barua hii naificha ndani ya boksi lako, katikati ya shuka, na nataka kukuandikia juu ya Kiingereza. Najua utacheka. Mimi na Kiingereza wapi na wapi! Cheka, lakini usome mpaka mwisho, kwa sababu si Kiingereza chenyewe kinachoniuma. Kinachoniuma ni kwamba tangu ile siku ya ofisini, ulipokuwa gredi ya nane, umekuwa ukinijibu neno moja kwa kila kitu. Shule vipi? "Fine." Umeshiba? "Fine." Kichwa bado kinauma? "Am fine, Mum."

Ukiwa hapa nyumbani hilo "fine" naliweza, maana nakutazama usoni, na nyusi zako husema kabla ya mdomo. Kesho unakwenda mahali nisipokuona. Nitakusikia kwa simu ya matroni siku watakazoruhusu, na ukiniambia "fine" sitakuwa na uso wa kutazama. Hiyo ndiyo hofu yangu. Siogopi baridi ya Taita wala hesabu za gredi ya kumi. Naogopa upatwe na jambo huko, unifichie kwa neno lile, nami nilale usingizi mzuri huku wewe hulali.

Kazi yangu waijua, lakini hujui lugha yake niliipataje. Nilipoingia hotelini kusafisha vyumba, Kiingereza changu kilikuwa kile cha darasani, cha kuelewa swali na kushindwa kujibu. Kila asubuhi kabla hatujagusa shuka, meneja wetu wa vyumba, mama mmoja wa bara asiyecheka kabla ya saa sita, alitupanga mstari nyuma ya chumba cha dobi akatukaririsha. Mgeni akisema asante, jibu "My pleasure." Mgeni akitaka kitu, "Certainly, madam." Maji yakikatika, taa zikizimika, tumbili akiingia chumbani akabeba ndizi za mgeni, lolote lile, "We apologize for the inconvenience," tunaomba radhi kwa usumbufu. Tuliimba kama kwaya. Mwenzetu mmoja wa Mjambere alikuwa akiikariri hiyo ya mwisho njia nzima juu ya bodaboda, hata dereva akamuuliza anaombea safari au anamwombea yeye.

Na sikuyadharau maneno yale. Yalinipa kazi, na kazi ikakupa sare. Wahenga walisema maneno mazuri humtoa nyoka pangoni, na mimi nimewaona nyoka wengi wa hotelini wakitoka kwa "Certainly, madam" peke yake. Mgeni anakuja amefura, maji ya moto hayatoki, unampa sentensi yake na tabasamu, anashuka. Nikaona basi, Kiingereza ndicho hicho, unafungua mdomo unatoa kilichokwisha pikwa.

Wewe ulikuwa bado unatambaa alipokuja mgeni mmoja, mwanamke mzee, katika chumba cha mwisho kinachotazama bustani. Kilikuwa chumba cha watu wawili lakini upande mmoja wa kitanda haukulaliwa. Nikamuuliza kama mume wake angependa taulo zaidi. Akanijibu taratibu, "My husband died," mume wangu amekufa. Na mimi, Kadzo, haki ya Mungu, mdomo wangu haukuningoja. Nilimwambia, "My pleasure. Enjoy your stay." Yaani nimefurahi kukuhudumia, starehe kwako.

Kisa hiki nimekusimulia mara nyingi kwa kicheko, na ulipokuwa mdogo ulikuwa ukinitaka nikirudie nikiigiza sauti. Hukuwahi kuniuliza kilichofuata, nami sikukwambia. Yule mama hakukasirika. Alinitazama kama mtu aliyepiga hodi akakuta nyumba haina wenyewe. Nikatoka na taulo zangu, nikasimama nje kwenye korido. Nilijua nimekosea, lakini katika yote niliyokaririshwa hakukuwa na neno la kifo. Kwa Kiswahili ningekuwa nayo mengi, pole, makiwa, Mungu amlaze pema. Kwa Kiingereza nilikuwa mtupu. Nikaanza kutafuta neno mojamoja, nikiliona nalishika, nikiona halifai nalitupa. Kisha nikarudi, nikagonga mlango, nikasema, "Your husband. What was his name?" Nilimuuliza jina la mumewe.

Sijui hata kama nilisema sawasawa. Yule mama alikaa kitandani akanitajia jina, akaniambia mumewe alivyokuwa akikoroma, alivyoogopa pilipili, na kwamba walikuja hapa zamani wakiwa vijana akaungua mgongo kwa jua mpaka akalala kifudifudi juma zima. Akawa anacheka na kulia pamoja. Meneja alipokuja kunitafuta alinikuta nimekaa kwenye kiti cha mgeni, jambo ambalo kwetu ni dhambi kubwa, nimekumbatia taulo. Nilikaripiwa vizuri sana. Lakini hiyo ndiyo sentensi ya kwanza ya Kiingereza niliyoitunga mwenyewe, na nilikuwa mtu mzima na mtoto nyumbani.

Ungedhani nilijifunza. Nilijifunza kwa wageni tu.

Wewe ulipoanza kuleta Kiingereza nyumbani nilifurahi mpaka nikawa kama mwehu. Tulikaa pale nje, wewe ukiandika insha, mimi nikikuchomekea maneno ya hotelini, na nusu ya watu katika insha zako wakawa wanajibizana "My pleasure." Unaikumbuka ile ya safari ya kwa Hawe, bibi yako, kule Kaloleni? Shuleni mlikuwa mmekaririshwa misemo ya kufungulia insha, nawe ukaandika kwamba jua lilitutabasamia. Nikakuuliza, jua la Kisauni, tena la Februari, limemtabasamia nani? Ukanijibu, "Mama, ndivyo inavyoandikwa." Ukaendelea, ukaandika kwamba Hawe alituandalia karamu ya kumfaa mfalme. Tulipokwenda tena Kaloleni ukamsomea insha yote na kumtafsiria. Aliacha kupepeta mahindi yake akatutazama sote wawili.

"Mfalme huyo alikuja lini?" akauliza. "Mbona hamkunambia? Mimi niliwapikia wari na mutsunga. Ningalijua mfalme yuaja si ningalichinja!"

Ulicheka mpaka ukalala chini. Mimi lakini ninachokumbuka zaidi ni kwamba ulirudi nyumbani ukaiandika insha upya. Ukaandika ugali wa Hawe na ile mboga yake chungu, na namna anavyongoja sisi tukunje uso kwanza ndipo na yeye aanze kula huku akicheka. Msemo wa kukariri haukuwamo hata mmoja. Mwalimu wako wa Kiingereza akaibandika ukutani darasani. Nilikwenda kuiona, nikijifanya nimekuja kuuliza siku ya mkutano wa wazazi. Maneno yalikuwa madogo madogo, ya kila mtu, na kila moja lilikuwa mahali pake. Nilisimama pale nikasoma tena na tena mpaka mwalimu akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nilikuonea fahari, mwanangu. Uliandika gredi ya saba kile ambacho mimi nilikipata mara moja tu, kwa bahati, mlangoni mwa mgeni.

Ndiyo maana siku ya ofisini inanichoma.

Twaijua sote wawili, lakini hatujawahi kuizungumza, na jambo lisilozungumzwa kila mtu hulihifadhi kwa namna yake. Ngoja nikwambie mimi nililolihifadhi. Mtu alikuwa ameandika ubaoni sentensi ya kumkejeli mwalimu wa hisabati na sauti yake, kwa Kiingereza kizuri, kifupi, cha kuchekesha. Darasa likaulizwa, likanyamaza. Naibu wa mwalimu mkuu akasema Kiingereza cha namna hiyo darasani mle ni cha mtoto mmoja tu, yule ambaye insha yake iko ukutani. Hakutafuta zaidi. Nikapigiwa simu, nikatoka hotelini mbio na sare yangu na aproni, hata viatu vya kazi sikuvibadilisha.

Nilikukuta umesimama kando ya kabati la vikombe vya michezo, mikono nyuma. Nilipoingia tu ukasema, mbele yao wote, "Mama, si mimi." Hukulia wala hukupandisha sauti. Ulisema kama mtu aliyeulizwa saa ngapi akajibu.

Naibu akaanza Kiingereza. Mimi mbele ya meza kubwa, na mtu nyuma yake anayesema Kiingereza cha mbio, huwa narudi kwenye ule mstari nyuma ya dobi. Alisema mengi, nikashika nusu. Nidhamu, heshima, shule imesikitika. Aliponyamaza wote walinigeukia, nikajua ni zamu yangu. Ningeweza kukuuliza wewe. Ningeweza kusema kwa Kiswahili, kwani yeye hakijui? Ningeweza hata kunyamaza. Badala yake nilisimama wima, nikafumbata mikono mbele ya aproni, nikasema, "We apologize for the inconvenience, sir."

Naibu alifurahi. Akasema mama huyu ana adabu. Wewe ukapewa kuosha vyoo juma zima, nami nikatoka nimeshukuru.

Tulipofika dukani pale pembeni ndipo uliponiuliza, polepole, kama unayetaka kujua kweli, "Mama, hayo si ndiyo maneno munayowaambia wageni choo kikiziba?"

Nikasema ndiyo.

"Haya," ukasema.

Jioni ile "fine" ilihamia kwetu. Muhula ulipokaribia kwisha yule msichana aliyeandika alijitoa mwenyewe, moyo ulimsuta, na tena alikuwa akihamia shule nyingine. Alisema alikuwa akiisoma insha yako pale ukutani kila siku mpaka akajua namna ya kupanga maneno. Naibu akatangaza kwamba mambo yamekwisha. Hakuna aliyekuomba radhi. Na mimi, ninayewaomba radhi kutwa kucha watu nisiowajua, kwa maji ya moto na kwa tumbili, nilikununulia viazi karai na ukwaju, nikavitia sahanini nikakuwekea mezani. Nikadhani vimenisemea. Ulikula, ukasema "Thanks, Mum," ukaenda kuosha sahani.

Kisha nikaona insha zako zinakonda. Safari ilikuwa nzuri. Tulikula. Tulirudi. Mwalimu akaandika chini kwamba unaweza zaidi ya hapo, nami nikajua kwamba waweza, ila umeamua kutoweza. Uliona Kiingereza chako kizuri kimekupeleka kizimbani, ukaona heri uandike kama kila mtu usije ukajulikana tena. Mkono wako darasani ukashuka. Hata kusoma kwa sauti dirishani ukaacha, na aliyekuja kuniuliza hakuwa mwalimu, alikuwa Bi Mwanaisha, na mahamri yake mkononi.

"Dama, mbona siku hizi simsikii Kadzo akisoma? Mimi nilikuwa hukaa hapa kibarazani nikamsikiza. Kizungu chenyewe sikijui, lakini chake chaniingia. Kuna nini?"

Nikamwambia unasoma kimoyomoyo, gredi za juu ndivyo zinavyotaka.

"Ah, Dama!" akasema. "Mtoto hanyamai bure, wallahi. Muulize."

Sikukuuliza. Jibu nilikuwa nalo, na nililiogopa. Nilijua nikikuuliza utanijibu "fine," na mimi nitajifanya nimeridhika, na hapo tutakuwa waongo wawili chini ya paa moja. Nikaona bora aliye mwongo awe mmoja.

Sasa nalisema, kwa maneno yangu, na nimeyafuta na kuyaandika upya mpaka karatasi ikataka kutoboka. Nilikosa, Kadzo. Uliponiambia si wewe, nilikuamini. Hapo ndipo pabaya penyewe, maana kama ningekushuku ningekuwa na la kujitetea. Nilikuamini palepale, kisha nikakuombea radhi kama mwenye hatia, kwa sababu niliogopa meza na ile sentensi ilikuwa karibu na mdomo. Wewe hukuwa usumbufu kwa mtu yeyote, si siku ile, si siku nyingine. Kiingereza chako hakikukuponza. Woga wangu ndio uliokuponza. Nisamehe mwanangu. Sikuandikii hivi ili unijibu "it's okay." Ukitaka kukasirika, kasirika, nimekuwa nikiingoja hasira yako muda mrefu na nitaipokea kwa furaha kuliko hilo "haya" ulilonipa pale dukani.

Kuna na jambo jingine, la zamani, nawe hulijui lote.

Nilipokuwa na umri kama wako, masomo yangu yalikuwa yamekwisha. Nilipelekwa Changamwe kufanya kazi ya nyumbani kwa watu. Hawakuwa wabaya, walikuwa na haraka tu, na nyumba yao ilikuwa na watoto wengi kuliko mikono. Siku moja nikikaanga samaki mafuta yalinimwagikia mkono wa kulia. Hilo kovu unaloniuliza kila mara, ambalo mimi hukwambia ni la utotoni, ndilo hilo. Walinipaka dawa, wakanifunga kitambaa, na kazi ikaendelea. Juma lilelile alikuwapo mtu wa kwenda Kaloleni, nikaambiwa niandike salamu. Nikaandika kwa mkono wa kushoto, herufi zikienda huku na huku. "Mama mpendwa, mimi ni mzima wa afya njema, hofu ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu." Ndivyo tulivyofundishwa shuleni. Sikudhani barua ina ruhusa ya kusema kitu kingine.

Hawe hajui kusoma. Alisomewa barua na mwalimu wa Jumapili, akafurahi, akaizungusha mtaa mzima, mwanangu mzima, mwanangu asema yu mzima. Krismasi nilipokwenda nyumbani alinishika mkono wa kuamkiana, akaugeuza, akautazama. Mkono ulikuwa umepona vibaya, vidole hivi viwili havikunyooka kwa muda mrefu.

"Barua ilisema mzima," akasema.

Nikamwambia, "Ndivyo inavyoandikwa, mama."

Akauweka mkono wangu chini, taratibu, juu ya paja lake. "Mimi nilikuwa hapa naimba," akasema, "na mwanangu yuaungua." Hakunigombeza. Alinyanyuka akaenda nyuma ya nyumba, akakaa huko mpaka macho yake yakawa ya kuonekana na watu. Nilikuwa nimemficha ili asiumie, kumbe nimemfanya achezee ngoma jeraha langu bila kujua. Mpaka leo akiletewa habari njema huuliza mara ya pili, na hiyo ni kazi yangu mimi.

Sasa umeelewa kwa nini neno lako moja linanikosesha usingizi.

Huko uendako watakupa misemo mingi, mizuri kuliko ya hotelini. Ichukue. Mtihani unaitaka, na mimi keshokutwa kabla ya chai nitakuwa nimeshasema "My pleasure" mpaka kinywa kikauke. Hotelini tunazikunja taulo zikawa na umbo la bata, shingo na mbawa, mgeni anafurahi anapiga picha. Lakini akitoka kuoga hulifumua lile bata apate kujifuta. Mimi nilikaa miaka nawapa watu bata. Wewe ulishajua kulifumua tangu insha ya mutsunga, kwa hiyo sina la kukufundisha hapo, nakukumbusha tu kwamba ulijua.

Kuna wasichana watakaokucheka. Watasema unazungumza taratibu kama mtu aliye kwao pwani hata akiwa darasani. Waache wacheke, siku ya somo la Kiswahili zamu itakuwa yako, na uwe na huruma. Lakini usiandike vibaya ili ukae nao vizuri. Andika kama ulivyoandika. Akitokea mtu akasema maneno haya mazuri lazima ni ya Kadzo, basi na yawe ya Kadzo kweli, na kama si yako sema si yako, kama ulivyosema siku ile. Ulisema vizuri siku ile. Aliyeharibu si wewe.

Na ukipiga simu, mimi sitaki habari njema. Nataka habari. Ukiwa na njaa sema njaa. Ukiwa umeonewa sema nani na wapi. Ukiwa na furaha, hiyo pia niambie kwa majina na vituko vyake, usinitupie "fine" nikaanza kukisia. Ukikosa neno la Kiingereza usilichukue lililo karibu, ngoja kidogo, tafuta. Likikosekana kabisa, Kiswahili kipo. Nacho kikikushinda, shika simu ulie tu, nitakuwa upande huu nasikiliza, na meneja atanikaripia tena, na itakuwa mara ya pili kwa sababu nzuri.

Nasikia mlango wa Bi Mwanaisha, anakuulizia, huenda umeshafika kwenye kona. Nimalizie.

Kesho tutaingia ofisi nyingine. Kutakuwa na meza, na mtu nyuma yake, na Kiingereza. Watauliza kama mzazi ana la kusema kabla hajaondoka, huwa wanauliza. Siku hizi zote nikitandika vitanda vya watu nimekuwa nikilitunga la kusema. Nimelitunga mwenyewe na sikumwonyesha mtu. Ukisikia kosa usinirekebishe mbele yao. Sijui mikono nitaiweka wapi, maana aproni sitakuwa nayo. Labda nitakushika bega. Nitawaambia, "This is Kadzo. If something happens, ask her. I believe her."

Kisha nitalirudia kwa Kiswahili, wasije wakadhani nimelikariri. Huyu ni Kadzo. Likitokea jambo, muulizeni yeye. Mimi namwamini.

Mamako,
Dama